Picha, Neno na Kazi ya Mwanafunzi: Tahakiki ya Orbis Pictus ya Comenius kwa Walimu wa Zama za Kompyuta

Utangulizi

Katika vyuo vingi vya nchi yetu, vikiwemo vyuo vya Kanisa, swali la zana za kufundishia limekwisha kubadilika. Zamani mwalimu aliuliza atapata wapi chaki na ramani. Sasa anauliza atapata wapi projekta, kompyuta na umeme usiokatika. Zana za medianuwai, yaani zile zinazounganisha maandishi, picha, sauti na video katika somo moja, hutajwa mara nyingi katika mipango ya maendeleo, tena hutajwa kana kwamba ni dawa. Makala haya hayakusudii kuzikataa. Yanakusudia kuuliza swali lililotangulia ununuzi wake: picha na neno vinapokutana mbele ya mwanafunzi, ni kitu gani hasa kinachofundisha?

Asidhani msomaji kwamba jambo hili ni geni kwa Walutheri. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, mwaka 1529, ilitoka kwanza katika karatasi kubwa za kubandikwa ukutani kabla ya kuwa kijitabu, na katika mwaka huo huo yalitoka matoleo yenye picha zilizochongwa katika mbao. Ukuta wa nyumba na wa shule ulifanywa kuwa zana ya kufundishia. Lakini aliyelichukua wazo la picha na neno na kulifanya mpango kamili wa masomo alikuja karne moja baadaye, naye ni Jan Amos Comenius. Kitabu chake, Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu unaoonekana ukiwa umechorwa, ndicho tunachokitahakiki hapa. Tumekichagua kwa sababu ubora wake na udhaifu wake vyote viwili vinatokea tena katika madarasa yetu, ingawa mbao zilizochongwa zimeondoka na mahali pake umekuja mwanga wa projekta.

Mwandishi na Kitabu Chake

Comenius alizaliwa mwaka 1592 huko Moravia, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, kanisa ambalo Wamoravian wa leo, wakiwemo wale wa Rungwe na Tabora, hulihesabu kuwa chimbuko lao. Vita vya Miaka 30, vilivyoanza mwaka 1618, vilimfanya mkimbizi. Mwaka 1656 mji wa Leszno nchini Poland, alikokuwa akiishi, uliteketezwa kwa moto, naye akapoteza sehemu kubwa ya miswada yake. Alifariki Amsterdam mwaka 1670 bila kurudi kuishi katika nchi yake. Ni vema kuyakumbuka mambo haya, maana mtu huyu hakuandika juu ya elimu akiwa ameketi mahali pa raha.

Orbis Pictus kilichapwa Nuremberg mwaka 1658 kwa Kilatini na Kijerumani. Mwaka uliofuata Charles Hoole alikitoa London kwa Kilatini na Kiingereza. Tangu hapo kilitafsiriwa katika lugha nyingi za Ulaya na kutumika kwa vizazi kadhaa. Goethe, aliyezaliwa mwaka 1749, alikitaja miongoni mwa vitabu vya utoto wake. Kina sura 150. Kinaanza na Mungu, kinapita katika mbingu, moto, maji, wanyama, mwili wa mwanadamu, kazi za mikono, mji na serikali, hata kufikia Hukumu ya Mwisho. Kila sura ina picha juu, na chini yake maelezo mafupi katika safu, lugha moja kando ya nyingine.

Nguvu ya Kitabu Hiki

Wengi wanapokisifu kitabu hiki husifu picha zake. Kwa maoni yetu sifa hiyo imekosea shabaha. Picha katika vitabu zilikuwapo kabla ya Comenius, na picha zake mwenyewe si za ustadi mkubwa. Kilicho kipya ni tarakimu ndogo ndogo zilizotiwa ndani ya picha. Tuichukue sura ya mhunzi. Mwanafunzi anamwona mhunzi katika karakana yake. Kila kitu kina namba: mvukuto unaochochea moto, koleo linaloshika chuma chekundu, fuawe ambapo chuma huwekwa, nyundo inayokifua, cheche zinazoruka. Maelezo yaliyo chini yanasimulia kazi hiyo kwa sentensi fupi, na kila neno linalotaja kitu lina namba ile ile iliyo katika picha. Kwa hiyo jicho la mtoto haliwezi kutulia mahali pamoja. Linashuka kutoka kwenye kitu hadi kwenye jina lake, kisha linapanda tena kuhakikisha. Kazi hiyo ya kupanda na kushuka ndiyo kujifunza kwenyewe.

Jambo la pili ni lugha mbili. Comenius hakumtaka mtoto aiache lugha ya mama yake mlangoni ndipo aingie katika Kilatini. Aliziweka lugha zote mbili mbele yake kwa wakati mmoja, zikiwa zimeunganishwa na kitu kile kile kinachoonekana. Msomaji aliyepitia shule zetu hatahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hupokewa sekondari na Kiingereza, na pengo hilo humfuata hata chuoni.

Jambo la tatu limo katika dibaji, na bahati mbaya ndilo linalosahauliwa zaidi. Hapo Comenius anaeleza namna ya kukitumia kitabu. Watoto waachwe wakifurahie na kukizoea; waulizwe hiki ni nini na kile kinaitwaje; waonyeshwe kitu chenyewe kila kinapoweza kupatikana, kama viungo vya mwili, nguo, nyumba na vyombo vyake; tena waruhusiwe kuzichora picha hizo kwa mikono yao. Vitu ambavyo ni adimu anataka viwekwe tayari katika shule kubwa ili vionyeshwe wakati wa somo. Ni dhahiri, basi, kwamba kwa Comenius picha ilikuwa daraja tu. Upande mmoja wa daraja kuna kitu halisi, na upande wa pili kuna mkono na ulimi wa mwanafunzi.

Uchunguzi wa siku hizi umeyathibitisha mengi ya haya. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara, ambaye kitabu chake juu ya kujifunza kwa medianuwai kilitoka mwaka 2001 na toleo la tatu mwaka 2020, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba wanafunzi huelewa zaidi maneno yanapowekwa karibu na sehemu ya picha yanayoihusu kuliko yanapowekwa mbali nayo. Namba za Comenius zilikuwa zikifanya kazi hiyo kwa njia yake. Mayer na wenzake wameonyesha pia jambo ambalo wapenzi wa zana hawalipendi. Katika masomo juu ya namna radi inavyotokea, wanafunzi walioongezewa habari na picha za kusisimua zisizohusika na hoja walielewa kidogo kuliko wale waliopewa hoja peke yake. Aidha, ilionekana kwamba kumsomea mwanafunzi kwa sauti maneno yale yale yaliyoandikwa mbele yake, huku pia akitakiwa kutazama picha, humchosha badala ya kumsaidia, kwa sababu uwezo wa akili wa kushika mambo kwa wakati mmoja una mpaka.

Udhaifu Wake

Hata hivyo, kitabu hiki kina makosa, na makosa hayo si madogo. La kwanza ni imani kwamba kila kitu chaweza kuonyeshwa. Comenius alishikilia kwamba hakuna kinachoingia katika akili bila kupita kwanza katika hisi. Kwa mhunzi na fuawe yake kanuni hiyo yafaa. Lakini anapofika kwenye sura ya roho ya mwanadamu hana budi kuchora, naye anachora umbo la mtu kwa nukta nukta juu ya kitambaa. Mtoto aliyeitazama picha hiyo alijifunza nini? Yamkini alijifunza kwamba roho ni kivuli chenye umbo la mwili, kitu chembamba zaidi ya nguo. Maelezo yaliyo chini yanataja uhai, hisi na akili, lakini picha ina nguvu kuliko maelezo, na ikishaingia haitoki kwa urahisi. Hapa zana haikukosa tu kufundisha. Ilifundisha lisilo kweli.

Kosa la pili ni kwamba picha humwonyesha mtoto ulimwengu kwa jicho la mchoraji bila kumwambia kwamba mchoraji yupo. Ulimwengu wa Orbis Pictus ni mji wa Ulaya ya kati ya karne ya 17. Comenius anapofika kwenye dini nyingine, ukiwemo Uislamu, anazieleza kwa macho ya Mkristo wa Ulaya, pasipo wenye dini hizo kupewa nafasi ya kujieleza. Neno laweza kujadiliwa na kupingwa. Picha hujifanya kana kwamba ni jambo lenyewe lililoonekana, na kwa hiyo hukumu iliyomo ndani yake hupita bila kuulizwa.

Kosa la tatu ni la mpangilio. Kitabu kinafunguliwa kwa mazungumzo mazuri kati ya mwalimu na mvulana, lakini baada ya hapo sura nyingi hueleza tu, hazimwulizi mwanafunzi swali. Maswali yamebaki katika dibaji, mikononi mwa mwalimu. Mwalimu asiyesoma dibaji atakuwa na kitabu cha picha, na darasa lake litakuwa la kutazama.

Mambo Mawili Yaliyotokea Kwetu

Je, hoja hii ni ya Ulaya peke yake? Historia ya nchi yetu ina majaribio mawili yanayoweza kuwekwa sambamba.

La kwanza lilifanyika kati ya mwaka 1935 na 1937, lenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Liliitwa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu. Lilikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na waliolisimamia huko Vugiri ni L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu 35 zilitengenezwa, juu ya kilimo, afya, kuweka akiba na mambo kama hayo, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Kwa wakati wake hiyo ilikuwa medianuwai kamili. Nia yake haikuwa mbaya, na baadhi ya watu wetu walishiriki katika kuigiza na kutia sauti. Lakini mpango wenyewe ulikuwa wa kuwafikia watu wengi kwa usiku mmoja mmoja. Lori lilipoondoka, picha nazo ziliondoka. Hakukuwa na kitabu kilichobaki kijijini, wala kikundi cha kuendelea kuuliza. Jaribio lilikoma mwaka 1937 fedha zilipokosekana.

La pili ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na wizara na vyama vya wakati ule. Chombo chake kilikuwa duni zaidi ya sinema, maana kilikuwa redio isiyo na picha yo yote. Lakini redio haikuachwa peke yake. Kila juma, kwa majuma 12, watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa sehemu ya kijitabu, wakaijadili pamoja na kiongozi aliyepata mafunzo, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Vyoo vilichimbwa, nyasi zikafyekwa karibu na nyumba, maji ya kunywa yakachemshwa. Mwaka 1975 utaratibu huo ulirudiwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Tukiyalinganisha majaribio haya mawili, hatuna budi kukiri kwamba lililokuwa na chombo bora si lililoacha matunda mengi. Mtaalamu wa Marekani, Richard Clark, aliandika mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori la kuchukulia vyakula: lori halibadilishi lishe ya mtu. Twaweza kusema kwamba amezidisha, kwa sababu yapo mambo ambayo lori moja hubeba na jingine haliwezi. Sauti ya mwimbaji haibebwi na karatasi. Lakini Vugiri na Mtu ni Afya vinampa haki katika jambo la msingi. Redio ilifaulu kwa sababu ilipangiwa kijitabu, mazungumzo na kazi ya mikono, yaani yale yale matatu ambayo Comenius aliyaomba katika dibaji yake: neno, swali na tendo.

Darasa la Theolojia

Sasa na tulitazame darasa letu wenyewe. Matumizi ya kawaida ya projekta katika vyuo ni haya: mwalimu ameandika muhtasari wake kwa Kiingereza, anauonyesha ukutani, anausoma kwa sauti neno kwa neno, na wanafunzi wanaunakili. Pengine kando ya maandishi pamewekwa picha ya jua linalochomoza au ya njiwa. Kwa kipimo cha Comenius darasa hili limerudi nyuma ya mwaka 1658. Picha haina namba inayoifunga na neno. Neno linasomwa mara mbili. Lugha ya mwanafunzi haimo. Na mkono wake unafanya kazi ya kunakili tu. Kwa ajili ya somo la namna hii, ubao na chaki vingetosha, na fedha zilizobaki zingenunua vitabu vya maktaba.

Yapo, hata hivyo, masomo ambayo zana hizi zinayafaa kweli. Ramani ya safari za Paulo, ambayo mwanafunzi mwenyewe anaiwekea namba na kuzilinganisha na sura za Matendo ya Mitume, ni Orbis Pictus iliyo sahihi. Sauti iliyorekodiwa ya Kiebrania kikisomwa humsaidia mwanafunzi ambaye hana mwenye kumsomea. Picha za papirasi na hati za kale humwonyesha kwamba Biblia ilipitia mikononi mwa watu wanaonakili na kukosea. Katika mambo haya kitu kipo, na chaweza kuonekana au kusikika.

Hatari yaja pale tunapoonyesha lisiloonekana, kama alivyofanya Comenius kwa roho. Tuchukue filamu iitwayo Jesus, ya mwaka 1979, ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi sana, Kiswahili kikiwemo, na imeonyeshwa katika vijiji vyetu kwa miaka mingi. Filamu hiyo inafuata Injili ya Luka, na anayemwigiza Yesu ni Mwingereza, Brian Deacon. Mwanafunzi aliyeitazama tangu utotoni huja chuoni akiwa na sura ya mtu huyo moyoni mwake, naye hajui kwamba ameipata kwa mwigizaji. Si lazima mwalimu aizuie filamu. Na aichukue sehemu moja yake, aiweke kando ya sura ya Luka inayohusika, kisha awape wanafunzi kazi: waandike ni nini kimeongezwa na filamu, ni nini kimeachwa, na ni kwa nini mtengenezaji aliamua hivyo. Halafu wasome jinsi Mathayo au Marko anavyolisimulia tukio hilo hilo. Kwa kazi hiyo mwanafunzi atajifunza kwamba filamu nayo ni fasiri, kama vile mahubiri yalivyo fasiri. Mchungaji wa kesho atakayehudumu miongoni mwa vijana wenye simu mikononi anahitaji ujuzi huu kuliko ujuzi wa kubonyeza vitufe.

Kuhusu lugha, twashauri kwamba mwalimu anayetayarisha slaidi aige safu za Comenius. Istilahi ya Kiingereza au Kiyunani na iwekwe kando ya Kiswahili chake, na mahali ambapo Kiswahili hakijakubaliana juu ya neno, darasa lijadili. Mjadala wa namna hiyo ni theolojia tayari, maana mwanafunzi atakwenda kuhubiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya kabila, si kwa lugha ya slaidi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Orbis Pictus ni kitabu kikubwa kwa sababu ya uzi unaounganisha picha, neno na kazi ya mwanafunzi, na kwamba kinaanguka kila mahali uzi huo unapokatika au picha inapodai kuonyesha zaidi ya inavyoweza. Kipimo hicho hicho chafaa kwa kila zana inayoletwa chuoni leo. Kabla ya kutia sahihi ya ununuzi, baraza la chuo na liwaulize walimu mambo matatu. Kile kitakachoonyeshwa, je, chaonekana kwa asili yake, au tunalazimisha? Neno litaunganishwaje na picha, tena kwa lugha gani? Na mwanafunzi atafanya nini kwa mikono na kinywa chake wakati wa somo na baada yake?

Mwalimu mwenye majibu hayo apewe projekta, naye ataitumia vema. Hata siku umeme ukikatika katikati ya kipindi atakuwa na la kuwapa wanafunzi wake. Asiye nayo asinyimwe msaada, bali apewe kwanza nafasi ya kujifunza kuandaa somo. Vyuo vyetu hupata fedha zake kwa shida, na sehemu yake ni sadaka za washarika ambao wengi wao hawajawahi kuiona projekta. Ni haki yao kwamba fedha hizo zinunue mafunzo, na si mwanga wa ukutani peke yake.